Ndege ya Kamembe na Ndoa ya Hadija

Ndugu zangu wa barazani,

Tangu nirudi mmepita karakanani kwangu mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ameleta sufuria ya kuzibwa tundu, kumbe amekuja kuuliza safari ilikuwaje. Sufuria nimeziziba. Swali sikulijibu, kwa sababu sipendi kusema jambo moja mara kumi, kisha kulisikia linarudi kwangu likiwa limeota mkia. Nimemketisha mjukuu wangu Mariamu. Yeye ana kalamu, mimi nina maneno, na nimemwonya asiupunguze ukali wangu wala asiniongezee wake. Atakayeuliza tena asomewe haya.

Nilichokiendea mnakijua. Mwanangu Yusufu, Mungu amrehemu, aliacha binti mmoja, Hadija, aliyelelewa Mwanza kwa wazazi wa mama yake. Hadija alichumbiwa na kijana aitwaye Idi, fundi wa majokofu. Kwa kuwa baba mtu hayupo, mimi babu yake ndiye walii, na ndoa haifungwi bila neno langu. Wapo walionishauri nitoe uwakala kwa simu, sheikh wa kule anisemee, mambo yaishe. Nilikataa. Wazee mnaijua sababu. Vijana hawaijui, basi naisema. Binti yangu wa kwanza nilimwozesha kwa simu. Nilionyeshwa picha, nikasikia sauti laini, nikatoa ruhusa. Alirudi nyumbani kwangu mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili. Siku ile niliapa kwamba sitamtoa mtoto mwingine kwa mwanamume ambaye sijamtazama usoni na kumshika mkono kwa mkono wangu mwenyewe.

Hilo ndilo lililonitoa Kamembe. Mengine yote ni takataka za njiani, ingawa takataka zenyewe zilikuwa nyingi.

Kutoka nyumbani hadi uwanjani

Mke wangu Zaina aliondoka kwa basi siku mbili kabla yangu, na vyungu vyake na mikeka yake. Aliniambia tuandamane. Nilimjibu kwamba basi ni la watu wasio na haraka. Ukweli ni huu, na sikuwahi kuusema mbele yenu: nilitaka mnione. Mji mzima ulikuwa ukizungumzia ndege mpya ya kampuni ya bei rahisi, inayotoka hapa hapa petu na kwenda nchi za nje bila kupita Kigali. Nikasema moyoni, katika wazee wa baraza hili, wa kwanza kuipanda awe mimi.

Nilichukua sanduku la bati. Katika ukoo wetu binti haendi kwa mume bila sanduku lililotengenezwa na mkono wa mzee wake, na hili nililitengeneza kwa majuma matatu, nikasimamisha kazi zote za imbabura, majiko yetu ya makaa, hata wanawake wa sokoni wakalalamika kwamba wanapikia mafiga. Nililipaka rangi ya kijani, nikalitia bawaba za shaba. Vya ndani alivipanga Zaina. Alinitajia kimoja kimoja kabla sijafunga, kwa sababu, alisema, mwanamume akibeba asichokijua huulizwa na kuaibika. Nilimwambia hakuna atakayeniuliza.

Nilipokuwa kijana, ng'ombe walilishwa kando ya njia ya ndege pale Kamembe, na ndege ilipotarajiwa alitumwa mtu kwenda kuwafukuza. Leo njia imenyooshwa, ukumbi umejengwa, vioo vinang'aa hadi ndege wa angani wanajigonga. Nimeuona, na sikatai kwamba ni kazi nzuri ya mikono ya mafundi. Sina ugomvi na jengo. Ugomvi wangu ni na kampuni, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa sitaki litamkwe nyumbani mwangu.

Pale mezani binti mmoja wa kampuni alilipima sanduku, akalibandika karatasi, akanipa kipande cha karatasi hiyo. Sanduku likaenda zake kwenye mkanda. Kipande kile nilikitupa. Msicheke. Sote hapa tumevusha mizigo pale daraja la Rusizi kwenda Bukavu. Unampa mchukuzi mzigo wako, yeye anatangulia, wewe unabaki kwenye foleni na makaratasi yako, na ukifika ng'ambo unamkuta amekaa juu ya mzigo anakungoja. Mchukuzi wa darajani hakupi karatasi. Anakupa uso wake. Nilimtazama yule binti usoni vizuri ili nimkumbuke, nikaona yametosha. Nilijua kwamba sanduku limetangulia Mwanza, ingawa mimi ningebadili ndege Entebbe.

Ukumbi wa kungojea

Ndege ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Saa tatu ilipofika tuliambiwa kuna ukungu juu ya msitu wa Nyungwe. Saa nne ukungu uliondoka, tukaambiwa kwamba ndege yenyewe haijatoka ilikolala. Saa tano hatukuambiwa kitu. Nilisimama nikaenda mezani.

"Binti yangu, ndege iko wapi?"

"Papa, kuko retard, ndege inakawia kidogo. Muvumilie."

"Kidogo ya saa ngapi?"

"Kidogo tu, Papa."

Nimeishi miaka mingi, na sijamwona fundi anayemwambia mteja "kidogo tu" kisha akaachwa na meno yake yote. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu. Wamefundishwa kutabasamu, na tabasamu la kufundishwa ni tusi.

Kando yangu aliketi Maman Furaha, yule muuza vitenge wa karibu na stendi, aliyelelewa Bukavu akarudi kwao na wazazi wake. Yeye husafiri kwenda Kampala kufuata mali. Alikuwa na sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga ndani ya karatasi, na ukumbi mzima ulinuka Kivu.

"Mzee, hii ndege iko kama bwana mulevi," akasema. "Anakuambia niko nakuya, niko nakuya, kumbe angali ku bar."

Nilitazama upande wa njia ya ndege. Mimi sizungumzi mambo ya walevi na wanawake wa watu.

"Na ile sanduku ya kijani ni ya nani? Niliona bakiipima. Unaolewa, Mzee?"

"Ni ya mjukuu wangu. Anaolewa leo, baada ya alasiri."

Aliacha kutafuna. "Leo leo? Na wewe njo mwenye kumutoa?"

"Ndiye mimi."

"Yesu wangu. Kula, basi. Mwenye kutoa mutoto hapana kufika na njaa."

Nilikataa mara mbili, kama inavyopasa, na mara ya tatu nikala. Duka la pale ukumbini linauza mkate mkavu na chai ya rangi isiyojulikana, na muuzaji alinitazama kwa mshangao nilipomwuliza mihogo. Uwanja unaopeleka watu nchi za nje hauna muhogo, katikati ya wilaya ambayo Mururu yote inalima muhogo. Na mahali pa kutawadhia nilitafuta sikupata. Nilitawadha kwenye sinki la kuoshea mikono, mguu mmoja juu kama korongo, na mwanamume mwenye suti akiningoja nimalize.

Saa sita ndege ilikuja. Hakuna aliyetuomba radhi. Tulipangwa mstari tukaingia.

Angani

Mnaniuliza zaidi kuhusu sehemu hii, nayo ndiyo yenye machache. Ndege ilipiga kelele, ikakimbia, ikaacha ardhi. Niliona msitu wa Nyungwe kwa juu, mweusi kama sufu iliyolowa. Nikauona na ukingo wake upande wa Bweyeye, pale ambapo watu hutembea nusu siku kumpeleka mgonjwa. Sikuogopa. Mwenye kuogopa alikuwa yule mwanamume mwenye suti.

Niliomba maji. Binti wa ndani ya ndege akaniambia maji yanauzwa. Nikadhani hajanielewa, nikarudia kwamba nina kiu. Akarudia kwamba yanauzwa. Ndugu zangu, pale Bweyeye, ambako mtu ana shati moja, ukipita na kiu utapewa maji kabla hujaulizwa jina lako. Kampuni yenye ndege inamwuzia mzee maji akiwa amefungwa mkanda kitini, mahali ambapo hawezi kwenda kutafuta kisima. Sikununua. Maman Furaha alininunulia, nikakasirika naye pia, nikanywa.

Entebbe

Tulitua saa yangu ikisema saa saba na robo. Ndege ya Mwanza ilikuwa iondoke saa tisa na nusu. Nikahesabu nafasi yangu, nikaona ni kubwa. Maman Furaha akanishika mkono wa kanzu.

"Mzee, kuya nikuonyeshe njia. Hapa kama haujue, banakuzungusha sawa mbuzi ya soko."

Nilimwambia nimesafiri kwa miguu hadi Uvira kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba sihitaji kushikwa mkono. Akasema, "Haya, Mzee, Mungu akuongoze," akaenda kwenye mkanda kuchukua marobota yake. Neno lake lilikuwa la adabu, langu halikuwa la adabu, na hilo nalitamka hapa kwa kuwa yeye naye atasomewa.

Nilipita pale mkanda ulipokuwa unazunguka na mizigo ya watu. Sikutazama hata. Kwa nini nitazame? Wangu ulikwisha kutangulia. Nilitoka nje, nikapata benchi karibu na mlango wa wanaoondoka, nikaswali, nikakaa kwa utulivu nikingoja niitwe. Saa yangu iliposema saa nane na robo niliinuka, kwa sababu mimi si mtu wa kuchelewa, nikaenda mlangoni na karatasi yangu.

Askari wa mlangoni alikuwa mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha jeshini. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mzee, hii ndege nafunga mlango tayari."

"Haiwezekani. Ni saa nane na robo."

"Hapa ni saa tisa na robo."

Akanionyesha saa ya ukutani. Nikamwambia saa ya ukutani ni mbovu. Akanionyesha ya mkononi mwake. Akamwita mwenzake, na ya mwenzake ikasema hivyo hivyo. Hapo nikaelezwa kwamba nchi ile iko mbele yetu kwa saa nzima, na kwamba Mwanza nako ni vivyo hivyo. Sisi watu wa Rusizi tumevuka mpaka maisha yetu yote, asubuhi tuko Bukavu, jioni tuko Kamembe, na hakuna siku saa imetubadilikia kule ng'ambo. Nani angeniambia? Kampuni ilipata nafasi ya kuniambia kwamba maji yanauzwa. Haikupata nafasi ya kuniambia kwamba saa moja ya maisha yangu imechukuliwa angani.

Nikamwuliza askari ndege nyingine ni lini. Akaniulizia. Kesho kutwa.

"Na sanduku langu, limekwenda na ndege hiyo?"

"Sanduku gani? Wewe ulipeleka?"

"Ninyi ndio mliolipeleka."

Askari yule alikuwa mtu mwema. Alinichukua kwa mwendo wa polepole hadi kwenye dirisha la mizigo iliyoachwa, na nyuma ya kioo, juu ya sakafu, kati ya mabegi yaliyopasuka, nikaliona sanduku la Hadija. Lilikuwa limezunguka kwenye mkanda peke yake mpaka wakalitoa. Kampuni za bei rahisi, nikaelezwa, hazivushi mzigo; zinautupa chini unapotua, na mwenyewe anauokota na kuupeleka tena kwenye ndege nyingine. Mchukuzi wa darajani, asiye na viatu, hafanyi hivyo.

Mbele ya dirisha la mizigo

Nilimpigia Zaina. Nikamwambia nimekosa ndege. Nyuma yake nikasikia watu wengi na vijiko.

"Baba Yusufu," akasema, "batu bameshakaa. Hata sheikh yuko hapa. Sasa tunafanya namna gani?"

Akampa simu sheikh. Sheikh alisema kwa upole kwamba jamaa za bwana harusi wametoka Shinyanga na gari lao linarudi leo. Kwamba ikiwa walii yuko mbali, sheria ina mlango wake. Kwamba naweza kutoa uwakala, au wakasubiri hadi kesho kutwa na watu wakatawanyika. Nikamwambia nimpate Hadija.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia. Babu, ukisema nisubiri, nitasubiri. Sitakasirika." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupakwa hina hadi viwiko. "Lakini useme wewe. Wasinisemee watu wengine."

Nilisimama na simu mkononi. Nikiwaambia wasubiri, nitatimiza kiapo changu kwa gharama ya mtoto: wageni watakwenda, chakula kitachacha, na maneno yatabaki juu yake kwamba ndoa yake iliahirika. Nikisema wasisubiri, nitafanya kile kile nilichoapa kutokifanya, kwa simu ile ile. Na haya yote kwa sababu ya watu ambao hata kuomba radhi hawakuomba. Nilikuwa na hasira hadi nikaegemea dirisha, na askari akadhani naumwa, akaniletea kiti.

Nikasema nipewe Idi, na watu wote wakae mbali naye.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sikujui. Ningekuja kukutazama, nimezuiwa. Nitakuuliza neno moja, na ukinijibu kwa asali nitakata simu. Ukikasirika, unafanya nini?"

Nikasikia mlango unafungwa. Kisha akasema, "Babu, hata sasa nimekasirika. Nimekukasirikia wewe. Tangu asubuhi tunaambiwa babu anakuja na ndege. Baba yangu mgonjwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki muda wa saa tano."

"Na umefanya nini?"

"Nimekwenda jikoni kwa akina mama, nikachukua sinia, nikawapakulia wageni mwenyewe. Nikikaa bure na hasira nasema maneno. Ndiyo maana nimewapakulia."

Sikupenda kuambiwa na kijana kwamba amenikasirikia. Lakini yule mume wa binti yangu wa kwanza, nilipomwuliza siku ile, aliniambia kwamba yeye hakasiriki kamwe.

Nikasema sheikh arudi. Nikamwambia natoa uwakala. Akasema, "Usikate simu, mzee. Tunapanga, tuwaite na mashahidi." Nikaiweka simu wazi pale juu ya dirisha, nikamgeukia kijana wa kampuni aliyekuwa ndani, kwa sababu alikuwa anafunga ofisi.

Kijana yule hakujua Kiswahili ila maneno machache, hivyo askari alikuwa katikati yetu akitafsiri kwa sauti ya gwaride.

"Huyu nasema lete karatasi ya sanduku."

"Nimeitupa. Sanduku ni langu, nimelitengeneza kwa mikono yangu, hata pale bawaba ya kushoto nimegonga misumari minne badala ya mitatu."

"Nasema kila mutu anaweza kuangalia bawaba. Sema vitu ya ndani. Yote. Kama iko sawa, atapea wewe."

Nilimwambia ni sanduku la bibi harusi, na kwamba vya ndani havitajwi hadharani. Askari akatafsiri. Kijana akasema bila orodha sanduku halitoki, na akachukua funguo za ofisi yake. Hapo, ndugu zangu, nilipandisha sauti. Nimegonga bati miaka yote, na mtu wa bati hajui kuzungumza polepole akishakasirika.

Nikasema: "Kuna kanzu yangu na kofia yangu. Kuna vitenge sita. Kuna sambaza wakavu, na kama una pua umekwisha kuwasikia. Kuna udi, na liwa, na chupa ya marashi. Kuna nguo za ndani ambazo mimi mzee sijapata kuzitaja mbele ya mtu, na leo wewe umenitajisha. Na kuna shanga za kiunoni nyuzi saba, nyekundu na nyeupe, bibi yake alizitunga mwenyewe ili mumewe azisikie zinapolia. Umeshiba sasa? Au nikutajie na rangi ya nguo?"

Askari alitafsiri mpaka kwenye marashi, kisha akaacha, akatazama dari.

Kwenye simu nikasikia kitu kama upepo, na watu wanakohoa. Sheikh akasema, "Mzee, tuko tayari. Sema."

Nikaichukua simu. Nikasema maneno yenyewe, kwa utaratibu, kama baba yangu alivyonifundisha: kwamba mimi walii wake Hadija binti Yusufu namfanya sheikh huyu wakili wangu, amwozeshe kwa Idi kwa mahari waliyokubaliana. Nikayasema nimesimama kati ya dirisha na mabegi yaliyopasuka. Mkono wangu wa kulia, uliokuwa uwe ndani ya mkono wa bwana harusi, ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha. Mke wa mtu nisiyemjua alikuwa nyuma yangu akidai begi la mtoto.

Sanduku nikapewa. Askari akaniuliza, "Mzee, nikuambie pole, ao hongera?"

Nikamwambia sijui.

Kampala hadi Mwanza

Tiketi ya kesho kutwa niliikataa. Nililala msikitini Kampala, na asubuhi nikapanda basi. Njia ni siku nzima na kipande: Masaka, Mutukula, Bukoba, kisha Biharamulo na Geita, hadi daraja refu jipya la Busisi. Mwanamke mmoja wa Bukoba alinipa ndizi na senene, akanieleza habari za magoti yake kuanzia Muleba hadi Biharamulo. Maji ndani ya basi lile tulipewa kwa chupa moja iliyopitishwa kiti hadi kiti, na hakuna aliyeuliza nani ameinunua.

Pale mpakani Mutukula vijana walinikimbilia. "Mzee, leta tukubebee, utatukuta ng'ambo." Ndilo neno ninalolijua tangu utoto, na wale walikuwa watu wa kweli, nyuso zao nilizisoma. Nikakataa. Nikalitia sanduku kichwani mwangu, nikalivusha mwenyewe hatua kwa hatua, watu wakitazama. Hilo nalo naidai kampuni: kwamba imenifanya mtu asiyemwamini mchukuzi.

Mwanza

Nilifika nyumba ya harusi mahema yamekwisha kufunguliwa, na wanawake wanasugua masufuria. Zaina alikuwa ameketi uani na mguu juu ya kigoda. Hakuinuka.

"Mimi nilikuya na bus," akawaambia wenzake, kana kwamba simsikii. "Nilifika, nililala, niliamka, nilipika, nilioza mujukuu. Mwenye ndege njo huyu anaingia."

Wanawake wakatazama masufuria yao kwa bidii sana.

Idi alikuja. Ni mtu mfupi, mwenye kovu la moto kwenye kidole gumba, na hatazami pembeni anapozungumza. Nilimshika mkono nikauchunguza muda mrefu, hata wakaanza kuhangaika. Ulikuwa mkono wa mtu anayefanya kazi. Ningeutaka mkono huo siku mbili kabla. Nikamwuliza sheikh kama naweza kuyasema maneno upya, mbele yake. Sheikh akasema ndoa haifungwi mara mbili, mzee.

Kisha Hadija akakaa karibu nami na simu yake, akasema, "Babu, tazama harusi yangu."

Nikatazama. Niliona hema, na mashahidi, na Idi katika kanzu, na sheikh anaishika simu mbele ya kipaza sauti cha msikitini ili kila mtu awe shahidi wa sauti ya walii. Na kutoka kwenye spika mbili kubwa, juu ya vichwa vya watu wote wa Shinyanga na Mwanza, nikajisikia mwenyewe nikitaja sambaza. Nikajisikia nikitaja nguo. Nikajisikia nikitaja shanga za kiunoni, nyuzi saba. Wanawake wakapiga vigelegele hadi picha ikatikisika. Baba yake Idi, mgonjwa, kwenye kiti chake cha plastiki, alikuwa anajifuta macho kwa kucheka. Idi alitazama ardhi. Hadija alijifunika uso kwa mtandio wote.

Halafu sauti ikabadilika. Ile iliyosema maneno yenyewe haikuwa ya mgomvi. Ilikatika pale kwenye jina la Yusufu, ikaanza tena. Sikujua kwamba ilikatika. Pale hemani vigelegele vilikoma, na Hadija akaufunua uso.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata dirishani. Mtu amekaa na aibu yake na kilio chake miaka yote ndani ya nyumba yake, kisha kampuni moja ya ndege inamtoa vyote viwili mbele ya watu asiowajua. Nikamwambia Hadija aifute. Hakufanya. Nikamwamuru, kama babu yake na kama walii wake.

Akaitia simu ndani ya mtandio, akanitazama bila kuogopa hata kidogo.

"Babu," akasema, "hiyo amri juu yangu uliikabidhi mwenyewe, watu wote wamesikia. Sasa nina mume. Mwombe yeye."

Nikaenda kwa Idi, aliyekuwa anafungua jokofu la wakwe zake uani. Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba picha ile inanivunjia heshima na kwamba namtaka amwambie mke wake aifute. Aliweka bisibisi chini. Akafuta mikono. Akanisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, kama inavyompasa mkwe.

"Hiyo ni ya Hadija, babu," akasema. "Siwezi kumwambia."

Nikarudia. Akanijibu vile vile, bila kupandisha sauti, akaokota bisibisi. Hapo ndipo nilipojua kwamba ndoa imefungwa.